Wakuu napanda Kilimanjaro mwezi wa tisa, jaketi na buti nitafute wapi hapa Dar?

Mwana_Tabata

Habari za mda huu wakuu. Mimi na wenzangu watano wa ofisini tumechanga hela, mwezi wa tisa mwanzoni tunapanda Kilimanjaro, njia ya Marangu, siku 6. Sasa jamaa wa Moshi wanaotupeleka wametutumia karatasi ya vitu vya kuja navyo, nimeisoma kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka mama wa pembeni akasogea, maana nguo nzito kuliko zote niliyonayo ni sweta langu la sekondari. Wanataka jaketi la baridi kali, jaketi la mvua, suruali ya mvua, nguo za ndani za joto juu na chini, soksi za sufu pea nne, buti za mlimani zilizokwisha kuzoea mguu, glavu za aina mbili (mbili za nini wakati mikono ni ile ile?), boshori, slipingi bagi ya baridi ya hasi 15, fimbo, tochi ya kichwani na makorokoro mengine.

Jumamosi nikaingia mtaani. Nimeanzia duka moja la vifaa vya michezo kwenye mall, buti pea moja bei yake ni kodi yangu ya miezi mitatu, nikaishika nikairudisha taratibu kama yai. Nikashuka Kariakoo, mtaa wa Congo, nikaonyeshwa jaketi jipya kabisa limeandikwa The North Face kwa 45,000, jamaa anakwambia OG hiyo kutoka Uturuki. Nikamalizia Karume. Wakuu, mmewahi kujaribu jaketi la manyoya Karume saa nane mchana? Jasho lilinitoka mpaka machinga akanionea huruma akaanza kunipepea na boksi.

Maswali yangu: bajeti yangu ni 350,000 kwa mavazi na vifaa vyote, inatosha? Mitumba ni salama au nitakufa huko juu? Na je nikinunua hema sasa hivi (Marangu tunalala kwenye vibanda, hema hawalihitaji) ili Desemba nilitumie na familia beach Kigamboni, nichukue la aina gani? Natanguliza shukrani.

Belo_la_Asubuhi

Mkuu umefika. Mi nauza mitumba Karume mwaka wa tisa huu, ila ni mashati, kwa hiyo sikupigii debe la biashara yangu.

Kwanza uelewe kitu kimoja, hapa Dar jaketi zito ni mzigo unaomsumbua muuzaji. Belo la majaketi likikatwa asubuhi wanaokuja wa kwanza ni bodaboda, wao wanataka kitu cha kukinga upepo wa alfajiri, cheusi, zipu nzima, kisiwe kinene sana. Wakishachagua wanabakisha yale manene kwelikweli, yale ya watu wa theluji, na hayo hayakai sana, yanafungwa upya yanapandishwa Makete, Njombe, Mbeya, Arusha ambako watu wanajua thamani yake. We unatakiwa uingie kati ya bodaboda na basi la Njombe. Yani uwe pale saa kumi na mbili asubuhi belo linapokatwa, sio Jumamosi saa nane na wapenzi wa viatu. Na ununue sasa hivi mwezi wa tano, ukisubiri wa sita na wa saba watu wa nyanda za juu wanavuta mzigo wote na bei sio hii. Halafu kosa kubwa kuliko yote, usimwambie muuzaji unaenda Kilimanjaro. Ukitaja mlima bei inapanda nao.

Namna ya kukagua. Jaketi la manyoya ya bata (yale ya vifuko vifuko) liminye kwa ngumi mpaka liishe halafu liachie. Likijaa lenyewe taratibu liko hai, likibaki limesinyaa kama chapati ya jana manyoya yake yamegandana, achana nalo. Liinue juani uone kama kuna vifuko vitupu. Angalia lebo ya ndani, kuna yenye namba 600, 700, 800, hiyo namba ikiwa kubwa jaketi linakuwa jepesi na joto ni lile lile au zaidi. Na linuse, manyoya yaliyolowa yakakaa yana harufu ya banda la kuku, haitoki hata ufue mara saba.

La mvua, nenda na kichupa cha maji mfukoni. Mwaga matone kwenye mkono wa jaketi, yakibingirika kama kwenye jani la mgomba safi. Yakinyonywa usikate tamaa hapo hapo, hiyo ni dawa ya juu tu imeisha, inarudishika. Kinachoua jaketi la mvua kiko ndani, ligeuze, angalia ile tepu iliyobandikwa juu ya mishono, ikiwa imebanduka au kitambaa cha ndani kinadondosha vipande vyeupe kama mba, hilo limekufa hata kama limeandikwa Gore-Tex (kile kitambaa maarufu cha kuzuia maji) kwa herufi za dhahabu. Muuzaji atakwambia "ni vumbi tu hilo bosi". Sio vumbi.

Mzigo wa Ujerumani ndio mzuri kwa majaketi, tafuta Jack Wolfskin (ile alama ya unyayo wa mnyama), Vaude, Mammut. Watu wengi wanakimbilia The North Face kwa sababu ya jina ndio maana feki zake zimejaa. Hilo la 45,000 la Uturuki ni jaketi la sponji lenye jina la kuazima, Dar litakusaidia kwenye basi la AC, lakini zipu yake itakufia usiku wa manane ukiwa na glavu mkononi na utakumbuka huu uzi.

mpagazi_wa_zamani

Naandika kutoka Moshi. Nimebeba mizigo mlimani miaka 11, sasa hivi nipo jikoni, napikia wageni huko huko juu. Ya jaketi jamaa hapo juu amemaliza, mimi naongelea BUTI maana hakuzigusa.

Mwaka juzi tulikuwa na mgeni, kijana mtanzania kama wewe, kaja na buti za mtumba nzuri kuliko za waongozaji wetu wote. Ngozi safi, chini imeandikwa Vibram, kampuni maarufu ya soli, hazijatembea hata kilomita kumi, utadhani zimetoka kiwandani. Siku ya kwanza getini mpaka Mandara, vibanda vya kwanza, fresh. Siku ya pili tunaelekea Horombo, tumetoka msituni tumeingia kwenye yale majani mafupi, naona nyuma yake njiani kuna unga mweusi, kama machicha ya kahawa. Nikamwambia kaka simama. Nyanyua mguu. Soli ya kulia imefunguka mbele kama mdomo wa mamba, ukiigusa kwa kidole inamomonyoka. Tukafunga na kamba ya hema. Tumefika Horombo ya kushoto nayo ikatoka nzima, ikabaki njiani kama kandambili. Kesho yake akavaa viatu vya msaidizi wangu vilivyomzidi namba moja na nusu, na kilele hakukiona, kilichomrudisha ni malengelenge wakati pumzi anayo.

Sababu yake ni hii. Lile raba la chini linalokanyaga halina shida. Kinachooza ni ile sponji ya katikati, kati ya raba na ngozi. Imetengenezwa kwa kitu kinachokula unyevu wa hewani kidogo kidogo, na kiatu kikikaa miaka mingi bila kuvaliwa kinaoza kwa ndani huku nje kinang'aa. Ndio maana kile kinachoonekana kipya kabisa kwenye mtumba ndicho cha kuogopa zaidi! Kiatu kilichokwaruzika lakini soli imekakamaa ni bora. Ukikishika bonyeza ile sponji kwa ukucha wa dole gumba pembeni kote mpaka kisigino. Ikibonyea irudi, sawa. Ukucha ukiacha alama au ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, kirudishe. Kikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji, kama kitakufa kifie hapo. Na ukiona fundi ameshona uzi kuzunguka soli jiulize kwanini ameshona, uzi utashika unga?

Ukubwa: jaribu jioni mguu ukiwa umevimba, na zile soksi nene. Sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele, nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja. Kupanda hakuumizi vidole, kushuka ndiko kunakoumiza, watu wanarudi na kucha nyeusi. Halafu zivae. Nenda nazo kazini, sokoni, kanisani.

Slipingi bagi USINUNUE. Kodisha huku Moshi, na fimbo, na glavu nene, na zile geta za kuzuia changarawe zisiingie kwenye kiatu. Mnajua hivi vitu vinatoka wapi? Wageni wakishuka wengi wanawaachia wapagazi na waongozaji vifaa kama zawadi, jaketi, begi, buti, na mpagazi ana watoto wa kusomesha, hahitaji slipingi bagi tatu, anauza. Kwa hiyo mjini kwetu kuna vitu ambavyo Dar nzima hupati. Ila uje siku moja kabla, usikubali kuletewa hotelini usiku umefungwa kwenye gunia. Funga zipu ukiwa ndani, ifungue, ifunge tena. Kwenye lebo utaona namba tatu za baridi, Comfort, Limit na Extreme. Muuzaji atakusomea ile ya Extreme kwa sababu ndiyo inayotisha, hiyo maana yake utaishi mpaka asubuhi, haina habari na usingizi wako. We soma Comfort.

Glavu mbili: nyembamba ya ndani na nene ya juu. Ukitaka kupiga picha unavua nene unabaki na nyembamba. Kule juu alfajiri ni hasi kumi na kitu na upepo, ngozi tupu dakika mbili vidole havikusikii.

Begi liwe la kitambaa, sio sanduku la magurudumu. Msicheke, limeshakuja. Mpagazi anabeba kichwani, na mizigo inapimwa, mwisho kilo 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe, kwa hiyo lako likizidi 15 kuna mtu unamuumiza.

Mwana_Tabata

Daah mpagazi asante sana mzee wangu, hiyo ya machicha ya kahawa imenitoa usingizi, kuna buti Karume nilikuwa nimeshaziwekea 20,000 ya kishika bei na zilikuwa zinang'aa hivyo hivyo. Kesho naenda kuzibonyeza. Swali lingine, hizi nguo za ndani za joto nazo ni mtumba? Nguo ya ndani ya mtu mzee wa Ulaya kidogo roho inasita.

Bosi_Mdogo

Watu mnapenda shida. 350,000 unapanda Kilimanjaro? Agiza vitu mtandaoni vije vipya, au ghairi. Mlima sio sehemu ya kubahatisha na mitumba.

Belo_la_Asubuhi

Bosi hao wapagazi wanaokubebea maji na kiti cha kulia chakula umewahi kuwaangalia wamevaa nini? Pita kushoto.

dada_wa_Ilala

Bosi_Mdogo tuachie uzi wetu. Mimi nimepanda mwaka jana mwezi wa pili, njia hiyo hiyo ya Marangu, kwa mitumba asilimia tisini, na nimefika mpaka Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895, na hijabu yangu kichwani.

Tabata, nguo za ndani za joto usihangaike na mtumba. Nenda maduka ya jezi Kariakoo ulizia zile nguo za kubana ambazo wachezaji wanavaa ndani ya jezi, mikono mirefu na suruali yake. Ni poliesta yenye mpira, zinakauka haraka, ni mpya na bei ya kawaida tu. Chukua seti mbili, moja ya kutembea na moja ya kulalia ambayo HAIGUSWI na jasho. Cha muhimu kisiwe pamba. Pamba ikilowa jasho inabaki na maji yake, ukisimama dakika tano kupumzika mgongo unakuwa barafu. Kwa hiyo tisheti za kampeni, jinzi, vest za kawaida, zote ziache nyumbani. Mwenzetu mmoja alipanda na jinzi siku ya kwanza, tumenyeshewa mle msituni, ile jinzi ilikauka tukiwa tumesharudi Moshi.

Na usiwaze jaketi moja nene, waza tabaka. Usiku wa kilele tunatoka Kibo, vibanda vya mwisho, saa sita za usiku nilikuwa na: ile ya kubana, juu yake tisheti ya jezi, juu yake flisi (lile sweta laini la joto), juu yake jaketi la manyoya, juu ya yote la mvua la kuzuia upepo. Chini ile ya kubana, suruali ya flisi ya mtumba ya 6,000 na suruali ya mvua. Nilikuwa robota la pamba linalotembea. Saa moja ya kwanza nikavua manyoya kwa sababu joto lilinizidi, saa tisa nikayarudisha mbio, na kufika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, nilikuwa naona nimevaa kidogo. Ungevaa jaketi moja la kufa mtu ungefanyaje hapo, unavua unabaki na nini?

Wadada wenzangu: kwa hijabu nilivaa ile ya kuvutia kichwani ya kitambaa cha michezo, juu yake boshori, shingoni skafu ya duara unayoweza kuivuta mpaka puani. Kitambaa cha kufunga na pini hakikai, upepo unakichukua na pini kwa glavu haishikiki. Chukueni kanga moja, vyumba ni vya kulala wengi, unabadilishia nguo ndani yake, na usiku unaikunja inakuwa mto. Pedi zilizotumika unashuka nazo, kwa hiyo beba kifuko chake maalum. Na majaketi ya kike ya mtumba yapo mengi tu ila wauzaji wanayapanga na ya watoto, pekueni huko.

Ah, na msifunge nguo kwenye rambo, mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na chupa za maji za kutupa nazo hawazitaki mlimani. Mi nilinunua viroba vile vya kufumwa vya mchele, nikaweka ndani yake nguo zangu za kulalia, nikaviingiza kwenye begi. Mvua ilipiga begi likalowa, zile zilizokuwa katikati zikabaki kavu. Chupa ya maji iwe ngumu, yenye mdomo mpana, usiku wa kilele igeuze kichwa chini maana maji yanaanza kuganda juu. Ile mirija ya kunyonyea maji begani inaganda mapema tu usijidanganye.

Msee_wa_Lenana

Niaje majirani. Niko Nairobi, nimepanda Mlima Kenya mpaka Point Lenana (4,985) mara mbili, kwa njia ya Sirimon. Huku sisi tunatoa vitu Toi na Gikomba, masoko ya mitumba. Kama uko na mtu anakuja Dar mwambie akupitie Toi, kuna wasee pale wanauza viatu vya hiking tu, wanajua hadi jina za soli. Huku tunasema kamera, ile nguo ya kwanza kuchaguliwa bale ikifunguliwa, ni bei lakini ni safi, alafu inashuka inashuka mpaka fagia, ile inamwagwa chini ya mwisho. Watu wa hiking tumeongezeka sana, kila wikendi ni Ngong, Longonot, Aberdares, so wauzaji wameamka, ukiingia na begi mgongoni wanajua wewe ni wa mlima na bei ni ingine. Enda na nguo za kanisa.

Ya soli kumomonyoka ni ukweli, ilinipata Longonot nikazunguka crater yote na soksi mguu mmoja. Sitaki kuongea juu yake.

Shamba_la_Bibi_Hamburg

Nipo Ujerumani miaka 14, niwaongezee upande wa huku zinakotoka. Hizo buti "mpya" ni hivi: mzee wa kijerumani ananunua buti za bei kali anaenda nazo milimani likizo moja, akirudi anaziweka stoo chini ya nyumba, stoo zenyewe zina unyevunyevu, zinakaa miaka kumi, mzee akifariki au akihama watoto wanazitupia kwenye yale makontena ya nguo kuukuu barabarani. Hapo zinaanza safari ya kuja kwenu. Kwa hiyo mpagazi yuko sahihi kabisa, ung'aavu wake ni wa stoo. Huku kwenyewe zinawamomonyokea pia, nimemuona bibi mmoja soli imemtoka kwenye ngazi za treni.

Ushauri wangu ni mmoja, kama una ndugu Ulaya anakuja likizo muagize soksi za sufu na tochi ya kichwani tu. Soksi za Quechua hazina bei mbaya, hazina uzito, na haziwezi kukataliwa kwenye begi lake. Ukimuagiza buti utamkosa.

kambi_Kigamboni

Kuhusu hema naona wote mmeruka. Mkuu usinunue hema la mlimani ukalilale Kigamboni. Hema la baridi limefungwa kila upande, Desemba ile utakuwa mkate kwenye tanuri, na watoto watalia. Beach unataka lenye wavu mkubwa juu na pande zote mbili, halafu turubai la juu linalotoka kivyake, mvua ikija unalirudisha. Yale ya kurusha yanayofunguka yenyewe, yanauzwa sana siku hizi, yapo mengi ya ngozi moja tu, kwa kivuli cha mchana mazuri, usiku mvuke wa pumzi zenu wenyewe unawadondokea asubuhi mnadhani limevuja. Angalia na sakafu yake, iwe nene na ipande ukutani kama beseni.

Na vigingi vya chuma vile vifupi vinavyokuja nalo havishiki kwenye mchanga. Sisi tunajaza mchanga kwenye vifuko vya kitambaa, tunafunga kamba, tunafukia. Upepo wa kusi ulishawahi kuchukua hema la jirani yetu na mito ndani, likaenda likapumzika kwenye mwembe wa watu.

Mwana_Tabata

MREJESHO. Samahanini kwa kuchelewa wiki tatu, kazi zilibana.

Zile buti nilizoweka kishika bei nilizibonyeza. Ukucha uliingia kama kwenye keki. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akachukua pea nyingine tatu za kung'aa kibandani kwake akazibonyeza zote, mbili zikamomonyoka mbele yangu, akakaa chini akanyamaza. 20,000 yangu alinirudishia 10,000, ile nyingine tumekubaliana ni ada ya shule.

Nilivyopata: jaketi la manyoya la unyayo 38,000, alianzia 60,000 (nilifika saa kumi na mbili na robo, bodaboda wameshajaa, nikasema nanunulia mjomba wangu wa Makete). La mvua 25,000, tepu zote nzima, maji yalinyonywa kidogo. Flisi mbili 16,000. Suruali ya mvua 15,000. Zile za kubana za wachezaji seti mbili 40,000. Soksi pea nne 20,000, boshori 3,000, glavu nyembamba 5,000, tochi ya kichwani 15,000. Buti 70,000, zimekwaruzika mbele kama zimegombana na mbuzi ila soli ngumu. Jumla 247,000, inabaki 103,000 ya kukodisha slipingi bagi, fimbo, glavu nene na geta huko Moshi. Hema nimeahirisha mpaka Novemba, wife kasema kwanza nirudi mzima.

Buti nazivaa kila siku kwenda kazini na suruali ya kitambaa, konda wa Tabata ameshanipa jina, Komando, "Komando songa nyuma". Jaketi la mvua je, ile dawa ya juu narudishaje?

dada_wa_Ilala

Lifue kwa sabuni laini, kidogo sana, usiweke kabisa ya kulainisha nguo, suuza mpaka povu liishe kabisa. Likikauka lipige pasi ya moto mdogo sana na kitambaa juu yake, ila soma lebo kwanza kama inaruhusu pasi. Joto ndilo linaloamsha ile dawa. Langu lilirudi. Lisiporudi kuna dawa ya kupuliza, muombe wa Hamburg.

Shamba_la_Bibi_Hamburg

Nimeshaanza kuagizwa tayari 😂

mpagazi_wa_zamani

Komando hongera. Hizo za 70,000 umezibonyeza kote, mpaka kisigino?

Mwana_Tabata

Mzee wangu nimezibonyeza mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua buti au parachichi.